Mwongozo Kamili: Kuendesha Baraza la Ubishi wa Adabu Nyumbani Bila Mtu Kuondoka Amenuna

Baraza la ubishi wa adabu ni mchezo wa kubishania jambo dogo la adabu kwa pande mbili, kisha kupiga kura. Tangu Januari napokea malalamiko ya aina moja kuhusu mchezo huu. Mtu amekusanya ndugu na majirani sebuleni, kaweka mada ya kuchekesha, tuseme nani anastahili kipande cha mwisho cha nyama, na baada ya robo saa wifi kashika pochi yake, anatafuta viatu mlangoni. Wengi mnaniuliza kama mada ndizo mbaya. Mara nyingi mada hazina ubaya wowote. Baraza linavunjwa na namna mnavyowagawa watu pande mbili, pamoja na mwamuzi anayesubiri sauti zipande ndipo aingilie.

Nayaandika haya kutokana na mabaraza tunayofanya hapa Moshi, mitaa ya Pasua na Majengo, ambako ua mmoja unaweza kuwa na Mchaga wa Kibosho, Mpare wa Same, mpangaji kutoka Tanga na kijana aliyekulia Dar. Kila mmoja amelelewa kwa sheria ambazo hazikuandikwa popote, na kila mmoja anaamini ndizo sheria za dunia nzima. Hapo ndipo kicheko kinapotoka, na maumivu pia hutoka hapohapo. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Usiruke ya 3.

## Vitu vya kuandaa

- Watu 8, 10 au 12. Mmoja ni mwamuzi, hapigi kura. Mmoja anatunza muda, naye hupiga kura. Waliobaki wagawanyike nusu kwa nusu. Ukiwa na watu 8, kura zitakuwa 7, na hakuna sare.
- Vipande vya karatasi, kalamu na kopo.
- Mahindi makavu kikombe kimoja na maharage makavu kikombe kimoja.
- Sufuria yenye mfuniko na kijiko cha kugongea.
- Simu moja ya kupimia muda. Nyingine zote ziwekwe kimya, na mtu asirekodi. Mtu akijua anarekodiwa anaanza kuongea na watu wasiokuwepo.
- Chai na vitafunwa: karanga, mihogo, ndizi za kuchoma. Mbege, yaani pombe ya ndizi, na bia zisubiri mpaka kura zihesabiwe.
- Taa ya kuchaji. Umeme ukikatika katikati ya hoja, giza huwapa watu ujasiri wa kusema ambayo kwenye mwanga wasingethubutu.

Saa nzuri ni kuanzia saa 11 jioni. Usiku mkubwa watu wamechoka, na mtu aliyechoka hakawii kuona amedharauliwa.

## Hatua ya 1: Panga watu kabla hawajafika

Changanya umri. Kwa mila zetu babu na bibi ni watani wa wajukuu. Bibi anaweza kumwita mjukuu wake "mume wangu" mbele za watu na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo mzee wa umri huo hulifaa sana baraza. Anaweza kusema jambo ambalo likitoka kwa baba wa nyumba lingesikika kama karipio.

Kwa wakwe, kuwa makini. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume, au baba mkwe na mke wa mwanawe, wasiwekwe pande zinazopingana hata kama wote wawili wamesema hawana neno. Heshima ya ukwe haisimamishwi kwa saa moja kwa ajili ya mchezo. Mmoja wao mfanye mtunza muda, umemaliza kazi.

Uliza pia kimyakimya kama kuna wanaodaiana. Deni la shilingi 30,000 linatosha kugeuza mada ya chumvi kuwa mada ya deni.

Umefanikiwa ukiona wote wameketi, wamesalimiana, na hakuna wawili wanaokwepana macho.

## Hatua ya 2: Chagua mada ndogo

Mada nzuri hupita majaribio matatu. Jambo liwe dogo, kiasi kwamba aliyeshindwa hapotezi chochote. Pande zote mbili ziwe na hoja ya kweli. Na asiwepo mtu chumbani aliyelifanya jambo hilo hivi karibuni likazungumzwa.

Hizi zimetufaa, na bado hazijachosha.

Bakuli la jirani. Jirani amekuletea mtori, supu ya ndizi na nyama, kwenye bakuli lake. Lirudi lini, na lirudi na nini? Wapo wanaoona kurudisha bakuli tupu ni tusi. Wapo wanaosema kulirudisha limejaa siku hiyohiyo ni kulipa, kama vile unamwambia jirani hutaki kubaki na wema wake hata usiku mmoja.

Ya kutolea. Umeombwa shilingi 20,000 kwa simu. Utume 20,000 kamili, au uongeze na ya kutolea, yaani ada atakayokatwa akitoa pesa hizo? Hii huwagawa watu vibaya sana, kwa kuwa anayetuma anaamini ametoa ishirini, na anayepokea anaamini hakupata ishirini. Wote wawili wanasema kweli.

Karibu chakula. Kwetu anayekula humkaribisha hata anayepita njia. Anayekaribishwa hujibu, "Ahsante, endeleeni." Swali: mwaliko wa ngapi ndio wa kweli? Mtu wa Dar atakwambia wa kwanza. Bibi wa Machame niliyemsikia alisema wa tatu, na hata huo lazima uambatane na kusogezewa kigoda.

Chenji ya daladala. Abiria wa siti ya nyuma ametoa noti, imepita mikono minne hadi kwa konda. Chenji imerudi pungufu. Nani aulizwe? Na wale wa viti vya kukunja, mtu wa nyuma akitaka kushuka, washuke wote au wajikunje tu?

Kusindikiza mgeni. Mpaka mlangoni, getini, barabarani, au mpaka apate usafiri? Na yale mazungumzo ya getini, yanayochukua muda mrefu kuliko ziara yenyewe, anatakiwa kuyamaliza nani?

Shikamoo ya miaka mitatu. Amekuzidi miaka mitatu tu. Umpe au usimpe? Ukimpa dada wa miaka 32, unamheshimu au unamzeesha?

Mada za kukataa moja kwa moja ni mahari, mgawo wa kihamba (shamba la ukoo), nani hakufika msibani, maumbile ya mtu, na mchango wowote wa sherehe ambayo imeshapita.

Hiyo ya mwisho nina sababu ya kuitaja. Katika baraza langu la kwanza niliweka mada ya mgeni aliyechangia harusi kwa kadi ya mtu mmoja, kisha akafika na watoto wawili. Nilidhani nimetunga tu. Kumbe mwezi mmoja kabla ya hapo jirani yetu mmoja alifanya hivyohivyo, na nusu ya waliokuwepo walilijua. Kila aliyesimama kutoa hoja alionekana anamsema yeye. Hakujibu neno. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akageuza kikombe kwenye kisahani, akaaga kwa adabu zote. Ilichukua miezi minne kabla hajaingia tena uani kwetu, na kosa lilikuwa langu: sikuuliza kabla.

Namna ya kuandika mada ina uzito wake. Anza na mhusika asiye na sura: "Mgeni amefika…", "Abiria amekaa…" Usianze kabisa na "Kuna watu humu huwa…" au "Watu wengine bwana…" Kwa Kiswahili chetu maneno hayo ni kijembe hata kama hukukusudia. Kila anayesikia anajiuliza kama ni yeye.

Umefanikiwa kama ukisoma mada kwa sauti, watu wawili wanaanza kujibu kwa pamoja, na wote wanacheka.

## Hatua ya 3: Gawa pande kwa karatasi, kamwe si kwa hiari

Hapa ndipo mnapoanguka karibu wote. Mnauliza, "Nani anaona bakuli lirudi tupu?" watu wananyoosha mikono, mnawatenganisha. Tangu dakika hiyo kila mtu anatetea jinsi alivyolelewa. Ukimpinga hoja, umempinga mama yake. Hakuna kicheko kitakachotoka hapo.

Andika A kwenye nusu ya vipande vya karatasi na B kwenye nusu nyingine, kunja, tia kwenye kopo, tikisa, kila mmoja achukue. Upande wa A utatetea jibu moja la mada, tuseme "bakuli lirudi tupu", upande wa B utalipinga, mtu anaamini au haamini.

Aliyelazimika kutetea jambo asiloliamini hana heshima ya kulinda. Yuko huru kutia chumvi na kubuni sababu za ajabu. Na anapotafuta hoja za upande asioupenda, mara nyingi hukutana na sababu ya kweli ambayo hakuwahi kuifikiria.

Onyo: atatokea mtu wa kuomba abadilishane karatasi na mwenzake. Mkatalie kwa upole, hata akiwa mzee. Ukimruhusu mmoja, ndani ya dakika mbili umerudi kwenye pande za hiari.

Umefanikiwa ukisikia mtu anafungua karatasi na kusema, "Mungu wangu, mimi ndiye wa kusema hivi?"

## Hatua ya 4: Fungua baraza kwa salamu

Mwamuzi asimame, awasalimu wakubwa kwanza, kisha ataje sheria tatu kwa sauti:

1. Tunajadili kitendo. Jina la mtu halitajwi, wala mtaa wake, wala "yule wa duka la pembeni".
2. Mtu mmoja anaongea. Mfuniko ukigongwa, kimya.
3. Yaliyosemwa humu na upande wa karatasi yasinukuliwe kesho kama maneno ya mtu.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Mama aliyepewa upande wa "asiongeze ya kutolea" anaweza kukuta kesho yake mtaa mzima unamwita bahili. Rudia sheria hiyo mara mbili.

## Hatua ya 5: Hoja, dakika mbili kila mtu

A aanze, B ajibu, mpokezane mpaka wote wamesema. Baada ya hapo kila upande uulize maswali mawili. Dakika mbili zinatosha. Ya tatu ndiyo inayoleta historia za ukoo.

Ruhusu ushahidi wa kuona kwa macho, maigizo, na vitu halisi. Vitu vinasaidia sana. Katika baraza letu la Desemba, mama mmoja wa Uru alipata karatasi ya A, ya "bakuli lirudi tupu", naye maisha yake yote hurudisha na mayai. Alikaa kimya kidogo, akaenda jikoni, akarudi na bakuli la udongo. Akaligonga kwa kucha, likalia.

"Hili likirudi na mayai," alisema, "kesho mwenzangu ataniletea ndizi. Keshokutwa mimi nahangaika na parachichi. Wiki ikiisha hatuulizani habari za watoto, tunaulizana mzigo umefika? Tumeacha kuwa majirani, tumekuwa stendi."

Kijana wa Tanga, upande wa B, alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akachungulia ndani kwa muda mrefu bila kusema kitu. "Mimi ndiye mwenye bakuli," akasema. "Limerudi tupu. Leo silali. Chumvi ilizidi? Au walimpa mbwa?"

Hakuna aliyetajwa, hakuna aliyeguswa, na watu walicheka mpaka mtunza muda akasahau saa. Zingatia walichofanya: wote wawili walieleza jinsi mtu anavyojisikia, wala hawakusema nani mwenye adabu na nani hana. Mwamuzi awakumbushe wasemaji hilo. Neno "ustaarabu" likianza kutumika kama fimbo, waulize, "Mwenye bakuli atajisikiaje?" na hoja itarudi njiani.

## Hatua ya 6: Zima moto ukiwa moshi

Ugomvi una dalili zake, na zote husikika mapema:

- "Mtu" amegeuka kuwa "wewe".
- Kicheko kinatoka upande mmoja tu.
- Mtu anasema, "Mimi sisemi kitu," kisha anasema.
- Mmoja ameanza kukusanya vikombe kabla chai haijaisha.

Ukiona moja, gonga mfuniko. Usiulize nani kakosea. Sema, "Badilisheni pande," A awe B na B awe A, kila mmoja atoe hoja moja ya upande mpya. Aliyekuwa anapanda jazba analazimika kutafuta maneno ya mwenzake, na hapo hupoa. Ukiona mbili kwa pamoja, simamisha mada, mimina chai, chukua nyingine.

Utani wa makabila unahitaji mkono imara zaidi. Wachaga na Wapare ni watani, na wakianza wenyewe waache waendelee, maana kila jiwe linarudi lilikotoka. Ila yule mpangaji ambaye ni peke yake wa kabila lake chumbani si mtani wa mtu. Akitupiwa neno hana wa kumsaidia kulirudisha. Atacheka kwa kulazimika, na mwenye nyumba utadhani mambo ni mazuri. Mlinde bila kusubiri alalamike.

## Hatua ya 7: Kura ya mahindi na maharage

Kila mpiga kura apewe punje moja ya hindi na punje moja ya haragwe. Hindi ni A, haragwe ni B. Sufuria ipite mkononi kwa mkono, mfuniko ukifunuliwa kidogo tu. Mtu atie ngumi ndani, aache punje moja, aondoke na nyingine kiganjani.

Hapa watu wanapiga kura kwa wanachoamini sasa, baada ya kusikia, hata kama ni kinyume cha upande waliotetea. Lieleze hilo wazi. Na kura iwe ya siri, kwa sababu kijana hatapiga kura dhidi ya hoja ya shangazi yake kwa kunyoosha mkono, hata kama haiamini.

Mtoto ndiye ahesabu, kwa sauti, akipanga punje mezani mistari miwili. Watu wazima wakihesabu, panazuka ubishi mwingine.

## Hatua ya 8: Soma hukumu ya nyumba hii

Mwamuzi atamke uamuzi kwa sentensi moja, kuanzia na maneno "Kwa nyumba hii, mpaka baraza lijalo…" Yasiachwe. Ukisema "Adabu ni kurudisha na kitu," umewahukumu wote wanaofanya vingine, pamoja na waliolelewa hivyo. Ukisema "kwa nyumba hii," umeweka tu kawaida ya ua wenu.

Tia ndani ya hukumu kitu kimoja kutoka upande ulioshindwa. Yetu ya bakuli ilisomeka hivi: "Kwa nyumba hii, mpaka baraza lijalo, bakuli lirudi limeoshwa, ndani ya siku 3, na chochote kilichopo, likirudi tupu, lisisemwe." Iandikwe kwenye daftari. Ya "ya kutolea" tuliiamua hivi: anayetoa zawadi aongeze, anayekopesha asiongeze. Mpaka leo inafuatwa, na imetuondolea simu nyingi za lawama.

## Hatua ya 9: Baada ya baraza

Sasa mbege inaweza kuletwa. Waliopingana wahudumiane wenyewe kwa wenyewe, na anayegawa aonje kwanza, kama wazee wetu wanavyofanya. Wageni wasindikizwe, na kama mlijadili mada ya kusindikiza, fuateni hukumu yenu usiku huohuo.

Mtu akiondoka amenuna, nenda kwake kabla ya saa 6 mchana kesho yake. Nenda kwa miguu yako, usitume ujumbe. Piga hodi, hodi tatu zisipojibiwa, rudi jioni. Usieleze kwamba ulikuwa mchezo, maana hilo linamfanya aonekane hajui kucheza. Sema, "Neno lile lilikuumiza, nisamehe."

Msomaji mmoja aliniuliza kama anaweza kuweka majani ya masale mezani, ili mwamuzi awape waliokwaruzana wakati wa mchezo. Nakuomba usifanye hivyo. Kwa Wachaga sale ni la kuombea msamaha kwenye mgogoro wa kweli, na anayeletewa anajua uzito wa kulikataa. Ukilizoesha kwenye ubishi wa karanga, siku ndugu wawili wamegombana kweli mtakuwa hamna kitu cha kushika. Mfuniko na kijiko vinatosha.

Ukimaliza, yachanganye mahindi na maharage yaliyobaki kwenye vikombe na yale ya kwenye sufuria, chambua mawe, osha na uloweke usiku huo. Kesho bandika mapema, maana makande hayataki haraka, na aliyeshindwa kura ndiye aitwe wa kwanza kula.